Salongo na Ujira: Kazi za Umma Masisi na Walikale

Kazi za umma ni zile ambazo dola huzigharimia kwa fedha za wote ili zitumiwe na wote: barabara, madaraja, mitaro, shule, visima, njia za umeme. Kama serikali itoe fedha kwa kazi hizo kwa nia ya kuinua uchumi ni swali ambalo wanauchumi wamelijadili kuliko watu wengine wote, na kwa kawaida hulijibu kwa hesabu. Ndani yake limo swali la kale zaidi, swali la haki: nani ana ruhusa ya kumtoa mtu shambani kwake na kumtia sururu mkononi, na kwa malipo gani? Katika wilaya za Masisi na Walikale, magharibi mwa Goma, mashariki mwa Kongo, maswali hayo mawili hayatenganiki, kwa sababu watu wa huko wamejenga barabara kwa zaidi ya karne moja na mara nyingi wameambulia patupu.

Masisi ni nchi ya milima: malisho ya ng'ombe, jibini, maharagwe, viazi, na chini ya ardhi yake koltani ya Rubaya. Walikale, wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, ni msitu mnene wenye mawese, mihogo, dhahabu na bati. Kilicho kingi upande mmoja ni adimu upande wa pili, na njia inayotoka Goma kupitia Sake, Masisi, Nyabiondo na Kashebere hadi Walikale ingetosha kuwafanya wakazi wa pande zote wauziane kila siku. Mvua ikinyesha, biashara hiyo husimama. Lori la Fuso hukwama hadi matope yakafika kwenye ekseli. Utingo hushuka na beleshi, vijana wa kijiji cha karibu huja wakapatana naye bei ya kulichimbua, na mizigo huteremshwa ikaendelea kwa pikipiki, kwa chukudu (baiskeli ya mbao) au kwa kichwa. Gunia la maharagwe likifika sokoni hatimaye, bei yake imekwisha kubeba malipo ya wote hao. Kaskazini zaidi, kwenye vijiji kama Buleusa katika eneo la Ikobo, hata lori la kukwama ni nadra.

Hoja ya kwanza ya kutetea kazi za umma inatokana na hali kama hiyo, nayo ni rahisi. Adam Smith, ambaye hakuwa mpenzi wa serikali kujiingiza katika biashara, alikubali mwaka 1776 kwamba zipo kazi zenye manufaa makubwa kwa jamii nzima ambazo mtu mmoja hawezi kuzifanya akarudisha mtaji wake, na akazihesabu miongoni mwa wajibu wa mtawala. Hakuna mfanyabiashara wa Goma atakayejenga daraja la Nyabiondo kwa matumaini ya faida. Akilijenga, atalilinda kwa kizuizi na kumtoza kila anayepita, na hapo manufaa ya daraja yanaanza kupotea.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na ndiyo inayobishaniwa: kwamba hata kabla daraja halijakamilika, kule kulipa watu walijenge tayari kunauamsha uchumi. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, aliiona dola kuwa soko kubwa kuliko masoko yote; mtawala akifungia fedha kwenye hazina, wachuuzi wa mji hukosa wateja, na mwishowe kodi yenyewe hupungua. Karne tano na nusu baadaye, mwaka 1936, John Maynard Keynes alitoa mfano uliowaudhi wengi. Hazina ya Uingereza, alisema, ingeweza kujaza chupa kwa noti, kuzifukia katika migodi ya makaa ya mawe iliyoachwa, kuijaza migodi hiyo taka, kisha kuwaachia watu wazichimbue, na nchi ingekuwa na nafuu kuliko kuwaacha watu hao bila kazi. Alikiri kwamba kujenga nyumba kungekuwa na akili zaidi. Kwa msomaji wa Walikale mzaha huo una ladha yake, maana huko watu wanachimba kweli, na kilichomo shimoni huenda kikaishia Asia kabla mchimbaji hajanunua viatu.

Kiini cha hoja ya Keynes ni ujira. Kibarua aliyelipwa jioni hununua unga na mafuta. Muuza unga hulipa karo ya mtoto. Mwalimu hushona nguo. Fedha ileile hupita mikononi mwa watu watano kabla ya wiki kwisha, na kila mmoja huona kipato. Ndiyo maana Marekani, katika mdororo wa miaka ya 1930, iliajiri mamilioni ya watu katika ujenzi wa barabara, shule na mabwawa, na India ikatunga sheria mwaka 2005 iliyoipa kila kaya ya kijijini haki ya kudai siku 100 za kazi ya kulipwa kwa mwaka. Katika sheria hiyo ya India kulikuwa na kifungu kinachostahili kukumbukwa: ujira ulitakiwa ulipwe ndani ya siku 15, na ukichelewa, mfanyakazi alidai fidia.

Wapinzani nao wana la kusema. Mfaransa Frédéric Bastiat, mwaka 1850, aliwataka wasomaji watazame kisichoonekana: kila faranga inayomlipa fundi wa daraja imetolewa mfukoni mwa mtu ambaye angeitumia vingine, hivyo kazi inayoonekana darajani imegharimiwa na kazi isiyoonekana kwingineko. Hoja hii ina nguvu mahali ambapo kila mkono una kazi. Inalegea pale penye mikono iliyokaa bure. Masisi inazo hali zote mbili, kutegemea mwezi. Mwezi wa Septemba na mwezi wa Februari, misimu ya kupanda inapoanza, kumwita mkulima barabarani ni kumpunguzia chakula cha nusu mwaka. Katikati ya misimu, na katika kambi za wakimbizi wa ndani ambao mashamba yao yako nyuma ya mstari wa mapigano, Bastiat hana hoja ya kutosha: huko hakuna kazi nyingine inayopokonywa mikono. Mpangaji wa kazi za umma asiyejua kalenda ya maharagwe hajui kazi yake.

Ubishi huo wote, wa Keynes na wa Bastiat, unachukulia jambo moja kuwa limekwisha kukubalika: kwamba mfanyakazi analipwa. Historia ya Masisi na Walikale inaanzia mahali ambapo jambo hilo halikukubalika.

Amri ya kikoloni ya mwaka 1917 iliwalazimisha wanavijiji wa Kongo ya Kibelgiji kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili siku hizo ziliongezwa hadi 120, na wanakijiji wa msituni wakarudishwa kwenye kazi ambayo baba zao walikuwa wameilaani, ya kutafuta mpira wa mwituni kwa ajili ya vita vya wengine. Pamoja na hayo kulikuwa na kazi ya barabara na ya upagazi. Mwaka 1944 uvumilivu uliisha. Katika nchi ya Masisi na Lubutu ulizuka uasi ulioongozwa na Bushiri, mhubiri wa Kitawala, dini iliyochipuka kutokana na mafundisho ya Watch Tower yaliyovuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Wafuasi wake walitangaza kwamba utawala wa Wazungu umefika mwisho na kwamba kodi na kazi za kulazimishwa zitakoma. Jeshi la kikoloni liliuzima kwa umwagaji damu. Walioupinga waliuita wazimu wa kidini, na ni kweli kwamba ulikuwa na unabii mwingi ndani yake. Hata hivyo madai yake ya dunia hii yalikuwa wazi kabisa, na mojawapo lilihusu siku za mtu na nani anazimiliki.

Bushiri na wafuasi wake hawakuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinaeleza jinsi Sulemani alivyotoza shokoa, yaani kazi ya lazima, Israeli yote, watu elfu thelathini, akiwapeleka Lebanoni elfu kumi kwa zamu kila mwezi, chini ya Adoniramu msimamizi wa shokoa. Hekalu likajengwa, na kila mhubiri analisifu. Wachache huhubiri sura ya kumi na mbili. Huko, Sulemani akiwa amekufa, watu wanamwomba mwanawe Rehoboamu awapunguzie nira. Anakataa kwa kiburi, anamtuma msimamizi wa shokoa kwao, nao wanampiga kwa mawe hadi kufa. Ufalme unagawanyika na hauungani tena. Kiongozi wa walioasi, Yeroboamu, alikuwa mwenyewe msimamizi wa kazi za mfalme hapo awali. Aliijua shokoa kwa ndani. Mwandishi wa Biblia hasemi kwamba majengo yalikuwa mabaya. Anaonyesha tu gharama yake ilikolipwa.

Uhuru haukuiondoa desturi hiyo. Miaka ya 1970 Mobutu alianzisha salongo, kazi ya pamoja ya kila wiki iliyosifiwa kuwa ni kurudi kwenye moyo wa Kiafrika wa kusaidiana. Mjini watu walifagia mitaro; vijijini walifyeka barabara, na aliyekosekana alitozwa faini. Wazee waliokuwa wameonja siku za Wabelgiji hawakuona tofauti kubwa, isipokuwa nyimbo zilikuwa nzuri zaidi. Kisha dola ikadhoofika na salongo ikabaki bila dola. Katika miaka ya vita makundi yenye silaha ya Masisi na Walikale yameichukua kama yalivyochukua kodi: wanakijiji huamriwa kubeba maji na kuni, kujenga vibanda vya askari, kusafisha njia, na anayekataa hupigwa au hulipa. Kundi la NDC-Rénové, lilipoitawala Pinga na maeneo mengi ya jirani, liliuza jeton, yaani stakabadhi za kodi, za kila mwezi kwa kila mtu mzima. Asiye na jeton mfukoni hakupita. Na baada ya waasi wa M23 kuiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba wakazi walilazimishwa kwenye salongo ya kupanua barabara ili malori ya madini yapite.

Hapa falsafa na uchumi vinakutana mahali pamoja. Barabara ya salongo na barabara ya kibarua zinaweza kulingana kwa upana, kwa mitaro na kwa changarawe. Anayepita juu yake hawezi kuzitofautisha. Hata hivyo ile ya kwanza imeondoa siku za kazi kijijini bila kurudisha chochote, na ile ya pili imeingiza fedha sokoni tangu siku ya kwanza. Keynes aliandika juu ya kazi isiyo na maana inayolipwa; hakuandika juu ya kazi yenye maana isiyolipwa, pengine kwa sababu Uingereza ya wakati wake haikuwa nayo. Salongo ni kinyume kamili cha chupa zake: shimo lenye faida, mfuko mtupu. Kwa hiyo anayesema kwamba salongo inajenga nchi kwa gharama nafuu anahesabu daraja na kusahau shamba lililoota magugu wakati mwenyewe yuko darajani.

Ibn Khaldun alilisema hilo waziwazi kuliko wanauchumi wengi waliomfuata. Katika kitabu kilekile alichoisifu dola kuwa soko kuu, aliihesabu kazi ya kulazimishwa kuwa miongoni mwa dhuluma kubwa kabisa na zenye kuharibu ustawi, kwa maelezo kwamba kazi ndiyo mtaji wa watu wasio na mtaji mwingine. Mtu akitumikishwa bure, amenyang'anywa mali yake. Akinyang'anywa mara kwa mara, anaacha kujibidiisha. Na nchi ambayo watu wameacha kujibidiisha inabomoka. Kwake dhuluma na uchumi mbovu vilikuwa jambo moja lenye majina mawili.

Dini zenye waumini huko Kivu zinakubaliana juu ya ujira kuliko zinavyokubaliana juu ya mambo mengine. Kumbukumbu la Torati linaamuru maskini alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijachwa, kwa sababu roho yake inautegemea ujira huo. Waraka wa Yakobo unasema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo zimefika kwa Bwana. Hadithi iliyopokewa na Ibn Maja inamtaka mwajiri alipe kabla jasho la mfanyakazi halijakauka. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, aliongeza jambo linalohusu serikali moja kwa moja: mbali na mwajiri anayetia sahihi kwenye mkataba, yupo mwajiri wa mbali, ambaye sera zake huamua kama kazi itapatikana na italipwa vipi, na dola ni wa kwanza katika kundi hilo. Kwa mafundisho hayo, serikali isiyo na mpango wowote wa ajira haiwezi kudai kwamba mikono yake ni safi ati kwa sababu haikumwajiri mtu.

Kuna utetezi mmoja wa kazi ya bure ambao haupaswi kupuuzwa. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zimejengana kwa kujitolea: msaragambo Tanzania, harambee Kenya, na katika vilima vya Masisi kuna desturi ya majirani kulimiana kwa zamu au kumjengea nyumba aliyeunguliwa. Mtu anaweza kuuliza kwa nini jambo hilohilo liwe wema likifanywa na majirani na dhuluma likiamriwa na serikali. Jibu linapatikana kwa kutazama nani ameamua na nani atatumia. Wanaojitengenezea njia ya kwenda kisimani wameamua wenyewe, watapita wenyewe, na wanajuana. Atakayekosekana kwa sababu ya homa hatatozwa faini na mtu mwenye bunduki. Barabara inayobeba koltani kwenda mpakani haina sifa hata moja kati ya hizo. Mafundisho ya Kanisa Katoliki tangu mwaka 1931 yana kanuni inayofaa hapa, kwamba lile linaloweza kufanywa na jumuiya ndogo lisinyakuliwe na kubwa. Njia ya kisimani iachiwe kijiji. Njia ya Walikale ni ya dola, na dola ilipe.

Kulipa peke yake, lakini, hakutoshi kuinua uchumi, na mfano bora wa hilo uko Bisie. Bati liligunduliwa katika kilima hicho cha Walikale mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa muda kilima kimoja kilitoa sehemu kubwa ya bati lote la Kivu ya Kaskazini. Hapakuwa na barabara. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 wakipita msituni kwa karibu siku mbili hadi Njingala. Kutoka hapo madini yalipelekwa Kilambo, ambako kulikuwa na kipande cha lami cha barabara ya taifa, na kwenye lami hiyo ndege ndogo zilitua, zikapakia na kuruka kwenda Goma. Kazi ya umma iliyokusudiwa kuunganisha Bukavu na Kisangani ikawa uwanja wa ndege wa wanunuzi wa bati, na magari yakasubiri ndege iondoke. Wakati huohuo njia ya wapagazi ilikuwa na vituo ambako askari wa brigedi ya 85, iliyoushika mgodi kwa miaka kadhaa, walijichukulia sehemu yao kutoka kila mzigo.

Vituo hivyo havikuwa vya Bisie tu. Taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini katika utafiti uliotolewa mwaka 2017. Vingi vilikuwa vya jeshi na maofisa wa serikali yenyewe, na vingine vya makundi yenye silaha. Bandu bandu huisha gogo: mkulima anayelipa kidogo kwenye kila bariyeri anafika Sake akiwa na faida iliyokwisha. Barabara nzuri katika mazingira hayo huongeza idadi ya magari, na idadi ya magari huongeza thamani ya kizuizi. Ni kweli kwamba bila barabara mkulima yuko maskini. Ni kweli pia kwamba serikali inayotengeneza barabara bila kuondoa bariyeri imewajengea wenye bunduki chanzo cha mapato. Huko Rubaya, kwa makadirio ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa, M23 ilikuwa ikikusanya angalau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na uzalishaji na biashara ya koltani.

Kuna uvujaji mwingine usio na silaha. Uchumi wa Kongo hutumia dola za Kimarekani kwa mambo mengi makubwa, na vifaa vya ujenzi vya Goma hutoka nje: saruji ya Uganda na Rwanda, nondo, mashine, dizeli iliyopita Mombasa. Serikali ikijenga kwa greda na zege, sehemu kubwa ya fedha huvuka mpaka siku ileile na kuwainua majirani. Ikijenga kwa mikono, kwa mawe ya hapohapo na kwa mitaro iliyochimbwa na watu wengi, fedha hubaki Masisi. Hii ndiyo sababu ya kiuchumi, mbali na huruma, ya kupendelea kazi zinazotumia watu wengi katika mahali kama hapa. Wahandisi hawazipendi, kwa kuwa barabara ya mawe na udongo haipigwi picha ikapendeza.

Serikali haiwezi pia kujichapia fedha tu. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati wa Mobutu, ilijaribu. Mwanzoni mwa mwaka 1993 askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, na askari wakapora miji. Ikafuata miaka ya bei kupanda kwa maelfu ya asilimia. Aliyeishi wakati huo hahitaji kusoma kitabu ili ajue kwamba ujira usionunua kitu ni salongo ya namna nyingine.

Mipango haijakosekana. Mwaka 2008 Kongo ilitia sahihi na kampuni za China mkataba wa kubadilishana madini ya Katanga na barabara, hospitali na reli. Mwaka 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha ulitangaza kwamba miundombinu iliyokwisha kujengwa ilikuwa ya dola milioni 822 tu kati ya bilioni 3 zilizoahidiwa. Kabla yake kulikuwa na bwawa la Inga na njia ya umeme iliyokamilika mwaka 1982, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700 hadi Katanga, ambayo ilipita juu ya vijiji vingi visivyo na taa na kuiachia nchi deni. Programu ya maendeleo ya wilaya 145 ya serikali ya Félix Tshisekedi, yenye bajeti ya zaidi ya dola bilioni 1.6, imelenga shule, zahanati, majengo ya utawala na barabara za mashambani katika kila wilaya, Masisi na Walikale zikiwemo katika orodha. Shule iliyoorodheshwa katika eneo la mapigano huchelewa, na mara nyingine hubaki kwenye orodha.

Mradi mdogo zaidi unastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Mfuko wa Jamii wa Kongo, kwa fedha za Benki ya Dunia, ulianza kuendesha mashariki mwaka 2014 mradi uitwao STEP, wenye kazi za mikono mingi ambazo watu huzijua kwa kifupi cha Kifaransa, THIMO. Waombaji hukusanyika uwanjani, na wanaotafuta kazi wakiwa wengi kuliko nafasi, majina hupatikana kwa kura mbele ya wote. Mjane, kijana aliyeacha silaha na mkimbizi wa ndani wana nafasi sawa kura inapopigwa. Kisha huchimba mitaro na kutengeneza barabara kwa muda uliopangwa, na hulipwa kwa siku walizofanya kazi. Kura ya hadhara inaweza kuonekana jambo dogo, lakini katika nchi ambako kazi hugawanywa kwa kabila, kwa undugu au kwa fedha ya chini ya meza, kumwona jirani akipata na wewe ukikosa bila ya kumshuku mtu ni aina ya haki ambayo wengi hawajawahi kuionja. Udhaifu wa mradi uko kwingine: kazi huisha, kikundi huvunjika, na mvua mbili baadaye mitaro imejaa.

Matengenezo, basi, ndiyo kazi ya umma inayoinua uchumi Masisi na Walikale kuliko ufunguzi wowote wenye utepe. Baada ya mwaka 2009, barabara ya Sake hadi Masisi iliwekwa miongoni mwa njia za kipaumbele katika mpango wa kimataifa wa kutuliza mashariki, ikatengenezwa, kisha ikaharibika tena kwa kukosa mtu wa kuzibua makalvati. Kibarua mmoja mwenye jembe, beleshi na kipande chake cha barabara anagharimu kidogo kwa mwezi, analipwa mwaka mzima, ananunua sokoni kwake, na anaokoa barabara ambayo kuijenga upya kungegharimu mamilioni. Mafundisho ya Torati, ya Muqaddima na ya Keynes yote yanatimia kwa mtu huyo bila ya mmoja kumpinga mwingine.

Linabaki swali la nani ni serikali. Mji wa Masisi uliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo, Walikale Machi, kabla ya kundi hilo kuondoka Walikale mapema Aprili. Mgodi wa Bisie, ambao sasa ni wa kampuni ya Alphamin na hutoa yapata asilimia 6 ya bati la dunia, ulisimamishwa kwa majuma machache. Wanafalsafa wa siasa wangeuliza uhalali unatoka wapi, na mjadala huo ni mrefu. Kipimo cha mkazi ni kifupi: anayechukua siku zake bila kumlipa si serikali yake, hata kama bendera iliyopo juu ya ofisi inatambuliwa na dunia nzima, na bendera hiyo haiwi na haki zaidi kwa kuwa imetangulia. Kipimo hicho kinawahusu waasi, jeshi la taifa na maofisa wa Kinshasa kwa pamoja.

Jibu la swali la mwanzo ni ndiyo, kwa masharti matatu: ujira ulipwe kwa fedha inayonunua kitu na ulipwe kwa wakati, kazi ipangwe kwa kufuata majira ya shamba, na bariyeri ziondoke kabla lori la kwanza halijapita. Hakuna sharti lolote kati ya hayo linalongoja ufadhili mpya. Tangu mwaka 2008 sheria imeanzisha mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, unaotokana na tozo kwenye mafuta ya magari, na wamotari huuchangia kila wanapojaza tangi. Sheria ya madini ya mwaka 2018 nayo inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa sekta au chefferie yenye mgodi, na Walikale ina mgodi unaozalisha.